Nyumba ikipasuka, kipimo kiko ku mukono wa nani?

Kila mama mwenye anakaa mu kartye ya karibu na mugodi anajua saa ya dinamiti bila kuangalia telefone. Anatosha sahani pa meza, anaita mutoto, anangojea. Chini inatetemeka, manjanja inalia, mavumbi kidogo inashuka juu ya kitanda, kisha maisha inaendelea. Lakini ile siku kibambazi kinapasuka, mama anaenda kwa shefu wa kartye, shefu anaandika barua, na kompanyi inatuma kijana mwenye kofia ya kazi. Kijana anapiga picha mbili tatu, anaandika ku karatasi, anaenda. Nyuma ya miezi jibu linafika: nyumba ilijengwa mubaya.

Pengine ni kweli ilijengwa mubaya. Hatutaki kudanganya mutu hapa. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Kipushi, nyumba nyingi za wafanyakazi na za wachimbaji zimejengwa na matofali ya udongo, pasipo musingi wa nguvu, pasipo feri mu pembe, juu mushahara haukufika. Lakini sisi tunauliza kitu kingine. Ile siku, saa ile, chini ilitetemeka kiasi gani? Juu hiyo si siri ya Mungu. Mu migodi mikubwa ya siku hizi, kupima mutetemeko wa dinamiti ni kazi ya kawaida: wanaweka chombo kidogo mu udongo, kinaandika mbio ya udongo kwa milimita kwa sekunde, na namba inaingia mu ordinateri. Namba iko. Mama hana yo. Njo pale shida inaanzia, na njo maana leo tunataka kuzungumuza juu ya asiransi.

Tunajua, neno asiransi linachokesha watu wetu. Tangu 1966, wakati SONAS ilianzishwa, mpaka juzi juzi, asiransi kwa wengi wetu ilikuwa paka ile karatasi ya ku kioo cha gari, yenye polisi anauliza ku barabara. Asiransi ya nyumba? Hiyo ilikuwa mambo ya wazungu na ya watu wenye deni ku banki. Kisha sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mulango: SONAS haiko peke yake tena, kompanyi zingine zinauzisha asiransi, na kuna ofisi ya Serikali ya kuziangalia, ARCA. Mabango iko mu Lubumbashi. Lakini uliza mu kampi ya wafanyakazi ni nyumba ngapi ziko na kontra ya moto ama ya kubomoka. Watakuchekelea.

Wakati sisi tulikuwa tunacheka, kazi ya asiransi yenyewe imebadilika. Zamani asiransi ilikuwa inangojea. Nyumba inaungua, ekspere anakuja, anahesabu majivu, wanabishana juu ya bei, wanalipa ao hawalipi. Leo inataka kuona mbele. Marekani kuna kompanyi za asiransi zenye zinamupa mukliya kidude cha kuchomeka ku prizi: kinasikiliza waya za nyumba, na kikisikia cheche zimeanza, kinatuma ujumbe ku telefone mbele ya moto kuonekana. Kuna vyombo vya kusikia maji inavuja mu ukuta. Kuna ndege ndogo pasipo mutu ndani, drone, yenye inapiga picha ya paa pasipo mutu kupanda ngazi. Na juu kabisa kuna satelite.

Hapa tukae kidogo, juu satelite inatuhusu sisi kuliko mufaransa wa Paris. Tangu 2014, satelite za Ulaya zenye wanaita Sentinel-1 zinapita juu ya dunia yote, na moja inarudia pahali pamoja kila siku 12. Hazitumii mwangaza, zinatumia radari, kwa hiyo mawingu ya masika haizisumbue. Ukilinganisha picha ya leo na ile ya siku 12 zilizopita, na ingine, na ingine, unaweza kuona kama udongo unashuka, hata kwa milimita tu. Na picha zile ni bure kwa kila mutu. Kompanyi za migodi zinaziangalia. Wenye kufanya asiransi ya migodi, kule ng'ambo, wanaziangalia vilevile. Kartye zetu, nani anaziangalia?

Wazee wa Gécamines wanakumbuka Septemba 1990, wakati sehemu ya katikati ya mugodi wa chini wa Kamoto ilibomoka. Wenye walifanya kazi chini wanajua namna walipimaka zamani: na sikio. Jiwe linalia mbele ya kuanguka. Mbao ya kuegemeza inalia. Kapita muzuri alikuwa ule mwenye anajua sauti gani ni ya kawaida na sauti gani ni ya kukimbia. Leo, mu shimo kubwa la wazi, sikio imekuwa radari. Wanaisimamisha mbele ya ukuta wa mugodi, inapiga mawimbi nyuma ya dakika chache, usiku na mchana, na inaona mwendo wa chini ya milimita moja. Ukuta mukubwa haungukake hivi hivi tu. Mara nyingi unatembea polepole kwanza, kisha mbio inaongezeka.

Tarehe 10 Aprili 2013, ku mugodi wa kupri wa Bingham Canyon, Marekani, mulima ulishuka, zaidi ya tani milioni 100. Ni moja ya mibomoko mikubwa zaidi yenye migodi imeona. Vyombo vilikuwa vimeonyesha ule mwendo tangu wiki nyingi, na siku ile wakatosha watu wote mbele. Malori na mashini zingine zilifunikwa. Mutu hakufa hata mumoja, hakuumia hata mumoja. Baba mwenye anashuka kila siku mu shimo asome hiyo mara mbili: mashini zilipotea, watu wakarudia ku nyumba.

Lakini tusifanye chombo kuwa munganga. Brazil, tarehe 25 Januari 2019, kule Brumadinho, lutu (ule ukuta wa kuzuia matope ya mugodi) lilipasuka, na watu 270 wakafa. Lilikuwa na vyombo. Lilikuwa na karatasi ya ekspere yenye kusema liko salama. Nyuma ya msiba, wataalamu wenye kompanyi iliita wakasema hakukuonekana dalili ya wazi mbele ya kupasuka. Wataalamu wengine walirudilia picha za satelite kwa njia ingine, wao wakasema mwendo ulionekana. Picha za mulima ni zilezile, majibu ni mawili. Namba haisemake peke yake, inasema kwa kinywa cha mwenye kuisoma. Na kama kusoma kuko ku mukono wa upande mumoja tu, ule upande njo utasema ukweli ni gani.

Turudi sasa ku kibambazi cha mama yetu.

Ukuta wa mugodi uko na radari, juu ndani muko mashini za mamilioni ya dola, na asiransi ya zile mashini inauliza: munapima namna gani? Mwenye hapimi, bei yake inapanda, ao anakataliwa. Asiransi imefanya kompanyi ipime. Ni kitu kizuri, na kimesaidia kuokoa watu wa chini, hatukatai. Lakini mita mia chache kutoka pale, nje ya senyenge, kuna nyumba yenye mutu alijenga kwa miaka kumi na mbili, tofali kwa tofali, na hakuna asiransi yenye kuuliza kitu juu yake. Udongo wenye kutetemeka ni mumoja. Unapimwa upande huu, upande ule unabishaniwa.

Sheria, kwa hiyo, haiko mubaya. Code minier, tangu ilibadilishwa mu 2018, inasema mu kipengele 285 bis kama mwenye mugodi anapashwa kutengeneza hasara yenye kazi yake inaletea watu, mali yao na mazingira, hata kama alifuata masharti yote, hata kama hakukosa kitu. Na akitaka kuepuka, ni yeye wa kuleta ushuhuda kama hasara ilitoka ku kitu kingine. Tunaomba musomaji akumbuke ile: ushuhuda uko ku mabega ya mwenye mugodi. Si mama wa kuonyesha kama ni dinamiti. Ni kompanyi ya kuonyesha kama si dinamiti.

Basi juu ya nini mama anarudi mikono mitupu? Juu ya tarehe. Hawezi kuonyesha kama mwezi uliopita ukuta ulikuwa muzima. Kijana wa kofia anapiga picha ya ufa, lakini hakuna picha ya mbele ya ufa. Pasipo ile picha, kila ufa unakuwa wa zamani.

Kuna tena kitu chenye watu hawasemi. Hata siku kompanyi inaonyesha namba yake, inasema "tuko chini ya kipimo", tuulize: kipimo cha nyumba gani? Ujerumani wako na sheria ya kupima mitetemeko yenye watu wengi ku dunia wanaifuata. Kwa nyumba za kukaa, mutetemeko ukiwa wa polepole, inaanzia ku milimita 5 kwa sekunde. Kwa nyumba za zamani zenye ziko nyororo, ni 3. Lakini nyumba zile za Ujerumani ni za matofali ya kuchomwa, na musingi, na beton. Hatujasikia mutu mwenye alienda kupima hiyo 5 ku nyumba ya matofali ya udongo ya Musonoi. Hatusemi namba ile ni ya uongo. Tunasema ilikatwa sawa suruali ya mutu mwengine, sasa wanataka tuivae.

Kwa hiyo ombi letu kwa kompanyi ni ndogo, na haiombe franka. Kila mara munapiga dinamiti karibu na kartye, namba ya ule mutetemeko ibandikwe ku biro ya shefu wa kartye: tarehe, saa, chombo kilikuwa wapi, kiliandika ngapi. Ku Kiswahili. Tunajua mutajibu kama watu watatumia zile namba kwa kudai hovyo hovyo. Wamoja watafanya vile, ndiyo. Tunawajua, wanapasua ukuta na nyundo usiku. Lakini hata wale, namba njo itawakamata: kama siku ile chombo kiliandika kidogo sana, madai yao yanaanguka mbele ya kila mutu. Kompanyi yenye kazi yake iko safi ingefurahi kubandika. Na wenzetu wa Université ya Lubumbashi, wenye kusoma jeoloji na wenye kusoma ordinateri, tunawauliza: picha za satelite ni bure, juu ya nini tusione siku moja karte ya Kolwezi yenye kuonyesha kartye gani inashuka?

Tungoje kompanyi? Hapana. Telefone yenye iko mu mufuko wa kila kijana wa mugodi, hata ile ya bei ndogo, ni chombo. Piga leo picha ya kila ukuta wa nyumba yako, ndani na inje, wakati ungali muzima. Weka rula ao kalamu pembeni kusudi ukubwa uonekane. Tuma zile picha kwa ndugu mwenye anakaa muji mungine, juu telefone inaibiwa, lakini ujumbe wenye ulitumwa unabakia na tarehe yake kwa yule ndugu. Kama ufa uko tayari, kuna dawa ya zamani ya mafundi wa kujenga: pakaa plasta kidogo juu ya ufa, pande hii mpaka pande ile, uandike tarehe juu yake. Plasta ikipasuka, ufa unatembea. Piga picha tena. Uandike mu kaye saa ya kila dinamiti. Kaye yenye miezi sita ya kuandika inasema kuliko vidole kumi vyenye kulia mbele ya avoka.

Sasa tuseme na upande wetu vilevile, juu editorial yenye kulaumu kompanyi peke yake ni rahisi sana. Kasulo, mu Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu mu 2014. Si kompanyi ilichimba pale kwanza. Ni siye. Tulichimba mu salo, mu cuisine, mu parseli, mashimo yakaingia chini ya nyumba ya jirani mwenye hakukubali, kibambazi chake kikapasuka na hakukuwa na dinamiti hata moja. Mu 2017 sehemu moja ya kartye ikafungwa na senyenge na watu wakahamishwa. Hakuna asiransi ku dunia yenye inaweza kulipa nyumba yenye mwenyewe ametoboa chini. Mutu mwenye iko na shimo mu parseli anapashwa kulisema kwa jirani mbele ya satelite kulisema.

Na moto. Tukiulizwa ni hatari gani inakula mali ya familia za wachimbaji kila siku, hatutasema dinamiti. Tutasema kura. SNEL inakata, nyumba inanyamaza, mama anawasha buji. Kisha usiku kura inarudia na nguvu, frigo inaungua, televizyo inaungua, na waya yenye ilifungwa na sashe ya plastiki juu ya mbao za paa inaanza kupata moto. Kidude cha Marekani cha kusikiliza cheche hakitafika Katuba leo. Lakini disjoncteur ya kweli, si ile yenye waliweka waya ya kupri ndani "kusudi isikuwe inakatika", na regilateri ya frigo, hivyo viko ku soko. Fundi ambaye anafunga waya za watu watano ku kable moja anafanya kazi ya kuchoma nyumba tano. Na mutu ajue: ekspere wa asiransi akikuta kura ya kuiba, atafunga dosye yake na ataenda.

Maneno ya mwisho ni juu ya kitu chenye kinakuja, na wamoja watakisifu sana. Ni asiransi ya kulipa kidogo kidogo na telefone, na M-Pesa, na Airtel Money, na Orange Money. Kwa mutu mwenye hapati mushahara wa mwezi, mwenye anapata leo na kesho hapati, njia ile ni nzuri kuliko kumwambia alete dola za mwaka mara moja. Ndani yake kuna aina ingine yenye inalipa pasipo ekspere kuja: chombo kikisema mvua ilipita kiasi fulani, ao upepo, franka inaingia ku telefone peke yake. Hakuna barua, hakuna mutu wa kuomba "ya mayi". Utamu wake tunauona.

Lakini tusikilize yenye ilipata Malawi. Mu 2016 ukame ulipiga inchi. Serikali ya Malawi ilikuwa imelipa asiransi ya namna ile ku African Risk Capacity, shirika la Umoja wa Afrika. Satelite na ordinateri zikahesabu, zikasema: hakuna njaa ya kulipwa. Na watu walikuwa na njaa. Nyuma wakarudilia hesabu, wakakuta kosa: ordinateri iliwekewa muhindi wa kukomaa kwa siku nyingi, na walimaji walikuwa wamepanda wa siku chache. Wakatengeneza, wakalipa dola milioni 8.1, lakini miezi ilikuwa imepita. Satelite haikukosea mvua. Ni mutu hakuuliza mulimaji alipanda nini.

Sisi vilevile, mbele ya kufinya "ndiyo" ku telefone, tuulize kontra inalipa juu ya nini: juu ya nyumba yangu ilianguka, ao juu ya chombo chenye kiko kilometre makumi mbali kilisema kitu? Karatasi iko ku Kiswahili, ao ku Kifaransa cha herufi ndogo tu? Chombo kikikosea, ninamulalamikia nani, na anajibu ndani ya siku ngapi? ARCA iko na kazi pale. Kontra yenye inauzishwa kwa Kiswahili ku redio, na inasomwa kwa Kifaransa siku ya hasara, isikubaliwe.

Wiki hii tunatuma barua kwa kompanyi zenye kupiga dinamiti karibu na kartye za Kolwezi, Likasi na Kipushi. Iko na swali moja tu: namba za mitetemeko ya mwezi uliopita, ku upande wa nyumba, ni ngapi, na shefu wa kartye alizipata? Yenye itajibu, jibu lake tutachapa hapa hapa. Yenye haitajibu, tutachapa jina lake na pahali patupu pembeni. Na wasomaji wenye wako na kaye, ao picha zenye tarehe, wazilete ku biro yetu. Tutalinganisha.